Je, Rapu ni Ushairi?

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu



Ni jambo la kushangaza kwamba mwanafunzi anayetetemeka akiona swali la ushairi katika Karatasi ya Tatu ndiye huyo huyo anayekariri rapu nzima, tangu mwanzo hadi tamati, bila kukosea hata neno moja. Mwulize mizani ni nini, atakuna kichwa. Mpigie dawati, atakuangushia mistari kumi na sita pale pale, tena huku anacheka.

Wapo wasemao kuwa rapu ni makelele ya mitaani na kwamba ndiyo inayokiharibu Kiswahili chetu. Wapo pia wenzetu wasemao kuwa mashairi ni mambo ya wazee wa Pwani waliokufa zamani, hayatuhusu sisi wa Dandora, Kayole, Umoja na Buruburu. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba pande zote mbili zimepotea njia. Nitaeleza rapu ilikotoka, ilichokikuta ilipofika kwetu, na tutakachokiona tukiipima kwa vipimo vile vile tunavyofundishwa darasani. Mwisho nitatoa zoezi, kwani wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali.

RAPU ILIKOTOKA

Tuanze na ukweli usiopingika. Rapu haikuzaliwa Eastlands, wala haikuzaliwa Mombasa. Ilizaliwa katika mtaa wa Bronx, jijini New York, Marekani. Wengi huitaja tarehe 11 Agosti 1973. Siku hiyo kijana aliyejulikana kama DJ Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, alipiga muziki katika sherehe iliyofanywa kwenye ukumbi wa jengo walimoishi. Sherehe yenyewe iliandaliwa na dadaye, Cindy, ambaye alitaka kupata pesa za kununua nguo za kurudi nazo shuleni. Naam, mwanafunzi mwenzetu! Kool Herc alirefusha zile sehemu za santuri zenye ngoma tupu, na juu ya ngoma hizo watu wakasema maneno ya kuchangamsha. Kule Jamaika alikotoka, desturi ya kusema maneno juu ya muziki ilikuwapo tayari.

Hata kabla ya hapo, mwaka 1968, katika mtaa wa Harlem mle mle New York, kulikuwa na kundi lililojiita The Last Poets, yaani Washairi wa Mwisho. Hawa walighani mashairi yao huku ngoma zikipigwa. Zingatia jina lao: walijiita washairi. Kwa hivyo hata huko ilikotoka, rapu ina undugu na ushairi. Mwaka 1979 wimbo "Rapper's Delight" wa kundi la Sugarhill Gang ukavuma duniani, na tangu hapo rapu ikaanza safari ya kufika kila bara.

Katika Afrika Mashariki, vijana wa kwanza waliirapu kwa Kiingereza, wakiiga tu. Lakini mwaka 1991, jijini Dar es Salaam, kijana Saleh Jabir alishinda shindano la Yo! Rap Bonanza kwa kutia maneno ya Kiswahili juu ya muziki wa Kimarekani. Hapa kwetu Nairobi, katikati ya miaka ya tisini, vijana watatu wa Dandora walianzisha kundi la Kalamashaka. Wimbo wao "Tafsiri Hii" ulipotoka mwishoni mwa miaka hiyo, watu wengi walishtuka kusikia kwamba kumbe Kiswahili cha mtaani chaweza kubeba mambo mazito. Mwaka 2001 wakatoa albamu yao, "Ni Wakati". Kalamashaka na wenzao wa Dandora waliungana na kundi la Ukoo Flani lililotoka Mombasa, likawa kundi moja kubwa lililoitwa Ukoo Flani Mau Mau. Nawaomba msisahau jambo hilo. Rapu iliwaunganisha Dandora na Mombasa, bara na pwani, na Mombasa ndiko kwao Muyaka.

ILICHOKIKUTA

Mgeni huyu alipoingia katika Kiswahili hakukuta jangwa. Alikuta nyumba iliyojengwa na kukamilika, ina nguzo na paa.

Muyaka bin Haji aliishi Mombasa, yapata mwaka 1776 hadi 1840, wakati wa utawala wa Mazrui. Kabla yake, tungo nyingi tulizo nazo zilikuwa za dini: tenzi za kusifu, za kuonya na za kusimulia vita vya zamani. Muyaka alitunga kuhusu siasa za mji, njaa, mapenzi, safari za vyombo na tabia za watu. Wataalamu husema kwamba yeye ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Mtu wa mtaani akipita alisikia habari zake mwenyewe zikisemwa kwa vina.

Tena Muyaka alikuwa hodari wa majibizano. Wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama, ule uliofikia kilele katika vita vya Shela mnamo mwaka 1812, mashairi yalivuka bahari. Muyaka alirusha upande huu, na Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu akajibu upande ule. Aliyejibu alitakiwa aonyeshe kwamba ameielewa jazanda ya mwenzake na anaweza kuipindua. Vilevile katika ngoma ya gungu, malenga alifumba fumbo kwa wimbo, na mwingine akasimama kulifumbua mbele ya watu. Je, hayo yana tofauti gani na marapa wawili waliosimama ndani ya duara la vijana, mmoja akimchapa mwenzake kwa maneno na umati ukiamua nani kashinda? Tofauti ni mavazi tu.

Jambo jingine ni kwamba mashairi ya Muyaka hayakutoka katika kitabu. Yalikaa vichwani na vinywani mwa watu wa Mombasa kwa miaka mingi baada ya kufa kwake, hadi yalipokusanywa, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940. Miaka mia moja! Vina na mizani ndivyo vilivyoyashikilia yasimwagike. Mwenzangu unayeweza kukumbuka rapu ya miaka mitano iliyopita lakini huwezi kukumbuka somo la jana, sasa umejua sababu. Vina ni misumari ya kumbukumbu.

TUPIME KWA VIPIMO VYETU

Sasa tuje darasani. Hapa chini pana ubeti nilioutunga mwenyewe kuhusu jambo ambalo kila mtoto wa Eastlands analifahamu, yaani uhaba wa maji:

Asubuhi ikifika, mitungi iko foleni,
Kina mama wazunguka, waulizana kwa nini,
Bomba limeshakauka, tone halionekani,
Haki yetu twaitaka, maji yarudi bombani.

Mwalimu angeuliza maswali ya kawaida. Ubeti una mishororo minne, kwa hivyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao. Kila kipande kina mizani 8, jumla 16. Vina vya kati ni -ka, na vya mwisho ni -ni. Hapo ushapata alama zako.

Lakini ngoja kidogo. Mpiga ngoma wa rapu huhesabu nne: moja, mbili, tatu, nne, kisha hurudia. Mstari mmoja wa rapu hukaa ndani ya mapigo hayo manne. Gawa mizani 16 kwa mapigo 4. Jibu ni 4 kamili, halibaki hata silabi moja:

A-su-bu-hi / i-ki-fi-ka / mi-tu-ngi-i / ko-fo-le-ni.

Piga dawati taratibu huku ukisoma, utaona shairi linaketi juu ya ngoma kama kwamba lilitungiwa hapo. Na si hilo tu. Ubeti wa rapu kwa kawaida huwa na mistari 16. Beti nne za tarbia zina mishororo mingapi? Kumi na sita! Sisemi kwamba Wamarekani waliiba kwa Waswahili, la hasha. Nasema tu kwamba vyombo hivi viwili vinaingiana, na ndiyo maana Kiswahili kilipotiwa kwenye rapu hakikukataa.

Sasa tazama jambo lile lile likisemwa kwa mtindo wa mtaani. Haya nayo ni yangu:

Kumekucha mtaani, mathe ashatoka chumbani,
Mtungi begani, kumbe maji imekatwa bombani,
Wa mkokoteni amepandisha, anajua tuko taabani,
Bili inakuja kila mwezi, na hakuna tone nyumbani.

Hesabu mizani. Mstari wa kwanza una 17, wa pili 17, wa tatu 21 na wa nne 19. Mwalimu atasema, "Mizani imepotea!" Na kweli, kwa kipimo cha mapokeo imepotea. Lakini zipige juu ya dawati utaona kila mstari unaingia ndani ya mapigo yale yale manne. Pale penye silabi nyingi unakimbiza ulimi, na pale penye silabi chache unauvuta.

Hapa ndipo penye tofauti ya kweli kati ya rapu na shairi la mapokeo, nayo yafaa kushikwa vizuri. Katika rapu, ngoma ndiyo inayotunza wakati, kwa hivyo mdomo una uhuru wa kuongeza na kupunguza silabi. Katika shairi hakuna ngoma, kwa hivyo silabi zenyewe ndizo ngoma. Ukiongeza moja, umempigia msikilizaji pigo lisilo mahali pake. Ndiyo sababu wazee walikuwa wakali sana kuhusu mizani. Si ukali wa bure.

Kuhusu vina nako kuna jambo. Rudi kwenye ubeti wangu wa kwanza: foleni, nini, halionekani, bombani. Kinacholingana ni silabi ya mwisho tu, -ni, na mapokeo yanaridhika. Lakini Kiswahili hutia mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tunasema chu-MBA-ni, bo-MBA-ni. Juu ya ngoma, sauti inayogonga ni ile yenye mkazo. Rapa akilinganisha silabi ya mwisho peke yake, kina kinasikika dhaifu. Kwa hivyo huanza kulinganisha mapema kidogo: -ani, -ani, -ani. Tena huongeza vina vya ndani, kama mtaani na begani, ambavyo havikai mahali pamoja kila mstari. Kwa maneno mengine, katika vina rapa hodari huwa hapunguzi sheria, anaongeza.

UGOMVI WA WAZEE

Huenda msomaji akauliza, "Lakini nani alisema kitu kisicho na mizani kamili ni ushairi?" Swali zuri. Lilikwisha kuwagombanisha wakubwa wetu.

Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu "Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri". Humo alieleza sheria za vina na mizani, na akashikilia kwamba shairi ni wimbo, kwa hivyo lisiloimbika halina maana. Wafuasi wa maoni hayo tunawaita wanamapokeo. Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, mwandishi kutoka Ukerewe, akatoa diwani ya "Kichomi" iliyokuwa na mashairi huru, yaani yasiyofungwa na vina wala mizani. Hao ndio wanamabadiliko. Vumbi likatimka! Upande mmoja ukasema mashairi hayo ni maguni. Upande mwingine ukasema uzito wa shairi ni fikira na picha zake, si hesabu ya silabi. Leo mashairi huru yanafundishwa na kutahiniwa.

Sasa, wanafunzi wenzangu, iweke rapu katikati ya ugomvi huo uone itaangukia upande gani. Wengi wangedhani itakimbilia kwa wanamabadiliko kwa sababu ni ya vijana. Kumbe sivyo. Rapu ina vina. Rapu ina urari wa mapigo. Rapu ina kibwagizo kinachorudiwa na wasikilizaji. Rapu haisomwi kimya kimya, husemwa mbele ya watu, na isiposemeka juu ya ngoma haina maana. Ni kana kwamba vijana wa Dandora, bila kumsoma Sheikh Amri, walirudi kugonga mlango wake. Mizani yao ingewafelisha kwake, hilo nakubali. Lakini wamesimama karibu na nyumba ya mapokeo kuliko wasomi wengi waliotunga mashairi huru. Wanaosema kwamba rapu ilikuja kubomoa ushairi wa Kiswahili hawajaitega sikio.

SHENG NA UHURU WA MSHAIRI

Walimu wetu wanalalamikia Sheng, na wana sababu. Ile "maji imekatwa" niliyoandika hapo juu, katika insha itapigwa mstari mwekundu. Ngeli yataka "maji yamekatwa". Sitetei Sheng katika insha.

Hata hivyo, tunafundishwa kwamba mshairi ana uhuru wake. Anaweza kufupisha neno (inkisari), kulirefusha (mazida), kubadili sauti yake (tabdila), au kupangua mpangilio wa sentensi (kuboronga sarufi). Kijana anayesema "Buru" badala ya Buruburu ametenda nini kama si inkisari? Na anayesema "risto" badala ya "stori" ameichukua silabi ya mwisho akaitanguliza. Watoto wa Unguja walikuwa na mchezo huo huo, uitwao Kinyume. Askofu Edward Steere aliutaja katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1870. Kumbe tunachokiita uhuni wa Eastlands ni mchezo wa mababu!

Tofauti ni hii: malenga anapoikunja lugha anajua umbo lake lililonyooka. Anafupisha kwa sababu mizani imemlazimu, si kwa sababu neno kamili halijui. Hapo ndipo wengi wetu tunapoanguka. Ukijua Sheng peke yake, huna cha kukunja.

MANENO YENYE UZITO

Ushairi si hesabu tu. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, aliandika kijikaratasi "Kenya: Twendapi?" Alifungwa miaka mitatu, akatoka mwaka 1972. Akiwa kifungoni alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za msalani. Yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina "Sauti ya Dhiki". Mtu aliyenyimwa hata karatasi bado alihesabu mizani na kupanga vina, kwa kuwa umbo lilimsaidia kuubeba uchungu wake bila kuumwaga ovyo.

Vijana wa Kalamashaka na Ukoo Flani Mau Mau hawakufungwa gerezani kama yeye, lakini walisema habari za umaskini, ukosefu wa kazi na maisha ya Dandora wakati ambapo magazetini mitaa yetu ilitajwa mara nyingi kwa habari za wezi. Albamu iliyotoka mwaka 2004 iliitwa "Kilio cha Haki". Linganisha na "Sauti ya Dhiki". Kilio na sauti, haki na dhiki. Majina hayo yangeweza kukaa kwenye rafu moja.

Bila shaka si rapu zote zenye uzito. Mwaka 2018 kundi la Ethic la Umoja lilivuma kwa "Lamba Lolo", na mtindo wa gengetone uliofuata ukalaumiwa kwa maneno ya aibu. Wazee pia walitunga kuhusu mapenzi, Muyaka akiwa mmojawapo. Lakini waliyafunika kwa jazanda, mtoto akisikia anaona ua, mkubwa anaelewa. Anayetamka kila kitu waziwazi amejinyima nusu ya ufundi.

ZOEZI

Msomaji, fanya hivi kabla hujalifunga jarida hili. Chukua mistari minane ya rapu uipendayo, iandike daftarini. Gawa silabi, uhesabu mizani ya kila mstari. Zungushia vina, vya mwisho na vya ndani. Tafuta jazanda, takriri na inkisari, uzitaje kwa majina. Kisha yageuze mawazo hayo yawe ubeti mmoja wa tarbia kwa Kiswahili sanifu, mizani nane kwa nane. Utatoa jasho! Hapo ndipo utakapomheshimu Muyaka. Baadaye chukua shairi lolote la kitabu cha darasani, uliseme juu ya dawati kwa mapigo manne. Nina hakika hutalisahau hadi siku ya mtihani.

Kwa walimu wetu, nina ombi moja dogo. Tunapofanya majaribio ya kukariri mashairi kwa ajili ya Tamasha la Muziki, tunatafutwa sisi tulio kimya, tunaokaa mbele. Yule anayepigiwa dawati nyuma ya darasa hatafutwi. Naye ana pumzi, ana kumbukumbu na ana sikio la vina. Aitwe, apewe tarbia. Akifundishwa majina ya vitu anavyovifanya kila siku, swali la ushairi halitamtisha tena, na huenda katika shule yetu hii, kati ya kelele za matatu na foleni za mitungi, akatoka malenga.

Kamba hukatikia pembamba, na kwetu pembamba ni ushairi. Tusiiache ikatike ilhali uzi wa kuifungia tunao midomoni.